Bia ni Kiwanda, Mbege ni Kosa

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kikao cha wadau wa viwanda vidogo katika wilaya moja ya Mkoa wa Kilimanjaro. Tuligawiwa orodha ya viwanda vidogo vilivyomo wilayani, kata kwa kata: mashine za kukoboa na kusaga, karakana za useremala, wafyatua matofali, washonaji, wasindikaji wa asali, hata kijana mmoja anayetengeneza makubazi kwa matairi ya magari. Ilikuwa orodha ndefu, na ilionekana imeandaliwa kwa bidii. Niliipitia mara mbili nikitafuta neno moja, nisilione. Nikanyoosha mkono na kuuliza: wapika mbege wameandikwa wapi? Ukumbi ukacheka. Afisa aliyeongoza kikao, mtu muungwana na mchapakazi, alinijibu akitabasamu: "Dokta, hiyo si ya kwetu. Hiyo iko kwa wenzetu wa ulinzi na usalama."

Nimekuwa nikilitafakari jibu hilo tangu siku ile, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo linavyonikera. Halikutoka kinywani mwa mtu mbaya. Lilitoka kinywani mwa serikali yenyewe, likiwa limetulia, bila hata kuona kwamba lina kasoro. Katika nchi hii kazi ile ile ya kugeuza nafaka na matunda kuwa kinywaji huitwa uwekezaji ikifanywa na kampuni, na huitwa tatizo la usalama ikifanywa na mama wa kijijini. Wanaodhani kwamba sheria ndiyo iliyoweka tofauti hiyo wasubiri kidogo, nitafika huko.

Wengi wenu mmekunywa mbege, au mmeiona harusini na msibani, lakini naamini ni wachache walioiona ikipikwa. Niruhusuni nieleze, kwa maana si haki kuilaani wala kuitetea kazi usiyoijua.

Nililelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, katika ukanda wa juu wa Uchagga, kule ambako mgomba humpa mbuni kivuli na maji ya mfongo hupita nyuma ya jiko. Wiki yake ya kazi ilianza siku mikungu ilipokatwa. Si kila ndizi hufaa: mchare ni wa mtori na wa kupika na nyama, ndizi za pombe ni nyingine, na mnunuzi asiyejua huuziwa sokoni zisizotoa utamu. Mikungu ilipandishwa darini juu ya mafiga, ikaiva taratibu kwa joto na moshi kwa muda wa wiki hivi. Kisha zikamenywa, zikatiwa katika pipa lenye maji, zikachemshwa tangu asubuhi hadi jioni mpaka rangi ikageuka kuwa nyekundu ya udongo. Pipa lile liliachwa lipoe, halafu likaachwa tena kwa siku kadhaa lichachuke. Hakuna hamira iliyonunuliwa dukani. Kazi ya hamira ilifanywa na vijidudu vilivyomo hewani na katika vyombo vyenyewe, ndiyo sababu mama mkubwa hakukubali mtu yeyote aazime pipa lake kuwekea kitu kingine.

Wakati huo huo ulezi ulikuwa na safari yake. Uliloweshwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba hadi ukachipua, ukaanikwa juani, ukasagwa. Hicho ndicho kimea, na msomaji aliyesoma kemia anajua kinachotokea humo: chipukizi linapotoka, mbegu hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari. Wenye viwanda vikubwa hufanya jambo hilo hilo kwa shayiri na wana maabara ya kulipima. Mama mkubwa alilipima kwa kuitia mbegu moja mdomoni na kuitafuna. Unga wa kimea ulipikwa ukawa uji, ukapozwa, ukachanganywa na maji ya ndizi yaliyokwisha kuchujwa. Magome ya msesewa yakaongeza ule uchungu ambao walevi wa mjini husema ni wa "bia ya kweli". Kesho yake mbege ilikuwa tayari. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili imekolea, siku ya tatu imekuwa chachu na wateja wanakunja uso.

Siku hizo tatu ndizo ninazoomba maafisa wetu wazielewe kuliko jambo jingine lolote katika makala haya. Mwenye duka la vitambaa akifungiwa wiki moja, akifunguliwa atavikuta vitambaa vyake rafuni. Mpika mbege hana rafu. Mtaji wake wote, yaani ulezi ulionunuliwa kwa fedha taslimu, kuni zilizonunuliwa kwa fedha taslimu, ndizi zilizosubiriwa kwa miezi na jasho la siku kumi na zaidi, hukutana ndani ya mapipa mawili kwa siku mbili. Ukimzuia siku hizo mbili, hujamcheleweshea biashara, umeimaliza.

Sasa nieleze jinsi nilivyolijua hilo. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu. Kwetu kahawa ilikuwa mali ya baba na ndizi mali ya mama. Ndivyo ilivyokuwa katika vihamba vingi. Tangu mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei zilikuwa zikipanda na kushuka kama homa, na wanaume wengi waliacha kuzungumza habari za ada za watoto. Ada zikahamia jikoni. Ada yangu ilikuwa ndani ya mapipa mawili yaliyosimama uani asubuhi ya siku ya soko, walipoingia mgambo watatu na mtendaji mmoja.

Mtendaji yule alikuwa kijana wa pale pale. Alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Mama, utusamehe. Ni agizo."

"Agizo la nani, baba?"

"Limetoka juu, mama."

Wakayainamisha mapipa. Mbege ikateremka uani, ikaingia kwenye mfongo, ikaenda zake. Nguruwe wa jirani walilewa hadi jioni na watu wakacheka. Mama mkubwa hakucheka. Hakuna aliyeandika chochote. Haikuandikwa ilikuwa lita ngapi, wala kosa ni lipi, wala kifungu ni kipi, na hakukuwa na risiti wala wito wa kwenda barazani. Niliikosa shule kwa wiki tatu za mwanzo wa muhula hadi alipouza mbuzi wawili. Baadaye tulisikia kwamba kulikuwa na kiongozi atakayepita na ilitakiwa kata ionekane safi.

Tuje kwenye sheria niliyoiahidi. Tanzania haijawahi kuiharamisha mbege. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaitambua pombe ya kienyeji, inaiwekea leseni na utaratibu wa kuuzwa, kama inavyofanya kwa bia ya chupa. Kinachokatazwa bila kibali ni kitu kingine, nacho kina sheria yake, Sheria Na. 62 ya mwaka 1966, inayokiita "moshi", jina ambalo wageni hudhani linahusu mji wetu. Moshi ni gongo: pombe iliyokwisha kuchachuka ikachemshwa tena, mvuke wake ukakusanywa na kupozwa. Kiswahili kina neno lake, kukeneka. Kuchachusha ni kazi moja na kukeneka ni nyingine. Kinywaji kilichochachushwa hufika mahali kikajizuia chenyewe, kwa kuwa vijidudu vinavyotengeneza kilevi huelemewa na kilevi hicho hicho. Na nguvu ya mbege ni ya kiwango cha bia. Kilichokenekwa hakina kizuizi hicho.

Mtu hahitaji shahada ya uzamivu kuyaelewa haya. Bibi zetu wanayajua. Lakini fungua taarifa za operesheni za wilaya, au sikiliza hotuba za viongozi wetu, utakutana na fungu moja la maneno: "pombe haramu za kienyeji". Katika maneno hayo manne, kilicho halali na kilicho haramu vimetiwa gunia moja na gunia likafungwa. Mgambo aliyeagizwa akamate pombe haramu za kienyeji ataanza na ile iliyo rahisi kupatikana. Mpika gongo hujificha bondeni usiku. Mpika mbege yuko uani, mchana, pipa lake linaonekana kutoka barabarani kwa sababu hadhani anatenda kosa. Basi anayetii sheria ndiye anayekamatwa, kwa kuwa hakimbii.

Nitaambiwa: wengi wao hawana leseni. Ni kweli, na mama mkubwa hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumwambia inaombwa wapi. Katika miaka yote niliyoishi naye, serikali ilifika kwenye jiko lile mara nne ninazozikumbuka, na mara zote nne ilikuja na rungu.

Linganisha na jinsi tunavyozungumza habari za bia. Sina chuki na viwanda vya bia. Vinaajiri, vinalipa kodi, na wahadhiri ni wateja wao wazuri. Lakini wakazi wa Moshi wana kumbukumbu. Mwaka 2002 makampuni mawili makubwa ya bia, moja la Kenya na jingine la Afrika Kusini, yalipatana: kiwanda cha Kibo hapa Moshi kikafungwa, na kiwanda cha mshindani wake kule Thika kikafungwa pia, kila mmoja akabaki na soko lake na hisa kidogo katika kampuni ya mwenzake. Yalikuwa maamuzi ya kibiashara, halali kabisa. Wafanyakazi wakaenda nyumbani. Ilipita miaka kadhaa kabla ya kampuni nyingine kuja kujenga kiwanda kipya katika mji huo huo. Katika miaka yote hiyo kule mlimani mapipa yaliendelea kuchemka, ulezi uliendelea kununuliwa, machicha yaliendelea kuliwa na nguruwe na samadi ya nguruwe ikaendelea kurudi shambani. Hakuna mwekezaji aliyeweza kukihamisha kiwanda kile, na bado hakimo kwenye orodha.

Vuka Holili uingie Kenya, utaona mantiki hii ikitembea bila kujificha. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya bia ya huko ilileta bia ya bei nafuu, Senator, inayouzwa kwa mapipa, na serikali ikaisamehe ushuru. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: maskini wapate kinywaji salama badala ya pombe za vichochoroni, na wakulima wa mtama wapate soko. Mwaka 2013 serikali ilipotaka nusu ya ushuru ule, mauzo yakaanguka kwa takriban robo tatu. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa. Wakulima wa mtama walinufaika, na sitawanyima haki hiyo. Lakini tazama kilichofanyika. Hazina ya taifa iliacha mapato yake ili kampuni iweze kushindana na mama mwenye pipa, na polisi wakati huo huo wakiendelea kulimwaga pipa la mama yule. Hata sheria ya mwaka 2010, iliyofuta marufuku ya chang'aa, ilidai kinywaji kiwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kikawekwa mahali ambapo mguu wa mwanamke wa kijijini haufiki.

Na hoja ya usalama? Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na siwezi kuipita kwa kejeli. Watu hufa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi. Mei 2014 wakafa tena makumi kwa makumi katika kaunti kadhaa. Februari 2024 kukawa na misiba Kirinyaga. Muuaji katika visa hivyo alikuwa methanoli, kemikali ya viwandani, ambayo haiokotwi mgombani. Hununuliwa kwa madumu na kuchanganywa na wafanyabiashara wanaotaka faida ya haraka. Kuhusu kisa cha Kirinyaga, serikali ya Kenya yenyewe ilieleza kwamba kinywaji kile kilikuwa kielelezo kilichoshikiliwa kituo cha polisi kabla ya kurudi mitaani. Kwetu nako, vile viroba vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 kwa sababu vilikuwa vikiwamaliza vijana wetu, havikutoka jikoni kwa mama yeyote. Vilitoka viwandani, vikiwa na lebo.

Mpika mbege humnywea mgeni wake. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza kutoka katika kata ile ile, mbele ya macho ya mteja, kisha ndipo huikabidhi. Ningependa kuona bodi ya wakurugenzi ikifanya hivyo.

Lakini nisijipambe. Mbege ina hatari zake za kweli, na kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayezishughulikia kwa kuwa wote wako kwenye operesheni. Ulezi uliohifadhiwa penye unyevu huota ukungu, na ukungu huacha sumukuvu ambayo moto wa jiko hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyokula majumbani mwao. Je, ni nani aliyewahi kwenda kumweleza mpika mbege jinsi ya kukausha na kuhifadhi kimea chake? Pipa alilonunua mjini lilibeba nini kabla ya kufika kwake? Maji ya mfongo anayotumia kuoshea vyombo yamepita kwenye mazizi mangapi? Maswali haya yana majibu, na majibu yake yako kwa afisa ugani, kwa afisa afya wa kata, kwa Shirika la Viwango ambalo tangu 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula, na kwa SIDO ambayo ipo tangu 1973 mahsusi kwa ajili ya viwanda vidogo. Hakuna hata moja ambalo jibu lake liko kwa mgambo.

Tena yako machungu ambayo mwanaume wa Kichagga hana haki ya kuyanyamazia. Nimewazika wenzangu watatu niliosoma nao shule ya msingi, wote wamemalizwa na kilevi. Wapo wanawake wanaopika mbege mchana na kupigwa usiku na waume walioinywa. Wapo wapikaji wanaomuuzia hata yule aliyekwisha kuanguka mara moja. Mama mkubwa alikuwa na orodha yake kichwani ya wanaume aliowapa kata moja tu na kuwarudisha nyumbani, lakini sidai kwamba kila mpikaji ni mama mkubwa. Ninachosema ni kwamba ulevi wa mume hautibiwi kwa kumfilisi mke. Mapipa yale yalipomwagwa, wanywaji hawakurudi kwa watoto wao kunywa chai. Walivuka bonde wakaenda kwenye gongo, nami niliwaona wakivuka.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, na najua mpo, ombi langu la kwanza ni dogo na halihitaji bajeti. Tenganisheni maneno. Katika barua, taarifa na hotuba mnazomwandikia mkuu wa wilaya, andikeni gongo mnapokusudia gongo, na mbege mnapokusudia mbege. La pili: chombo chochote kisimwagwe bila maandishi yanayotaja kiasi, kifungu cha sheria na jina la aliyeamuru, na nakala apewe mwenye mali. Agizo "la juu" lisilo na jina litapungua lenyewe pale litakapotakiwa kusainiwa. Hayo mengine, leseni inayoombwa katika ofisi ya kijiji badala ya safari mbili za wilayani, mafunzo ya kuhifadhi kimea, vyombo vya chuma kisichoshika kutu, yanahitaji fedha kidogo na nia kubwa, na nitayaandikia siku nyingine.

Kuna jambo moja la fedha ambalo haliwezi kusubiri. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika kijiji kimoja ninakofanyia utafiti kipo kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaopika mbege kwa zamu. Walipoomba mkopo mara ya kwanza waliambiwa, kwa upole, kwamba mbege "haiandikiki" kwenye fomu. Wakaandika ufugaji wa kuku. Wakapata mkopo, wakanunua ulezi, wakapika, wakaurejesha wote kabla ya muda. Katika takwimu za halmashauri hiyo wao ni wafugaji bora wa kuku, na siku alipokuja mkaguzi waliazima kuku kwa majirani. Tulicheka sana waliponisimulia, kisha mwenyekiti wao, mwanamke wa umri wa mama yangu, akaniuliza: "Mwanangu, na mkaguzi akitaka kuwahesabu mayai?"

Sasa wanaomba mkopo wa pili. Nimewasaidia kujaza fomu, na safari hii kwenye nafasi ya aina ya mradi wameandika kwa herufi kubwa: KIWANDA KIDOGO CHA MBEGE. Mwenyekiti aliiweka sahihi yake kwa mkono uliotetemeka kidogo. Fomu imepokelewa na kugongwa muhuri. Majibu yanatarajiwa mwisho wa mwezi ujao, nami nitayachapisha hapa neno kwa neno.